Vyanzo Tulivyovilaza kwenye Mashine ya Antena

Daktari alitia taa yake ndogo ndani ya sikio langu la kuume, kisha la kushoto, akauliza nimefanya kazi ya mgodi miaka mingapi. Nikamwambia mimi ni mtu wa redio. Alicheka, lakini neno lake halikubadilika: kaske ya masikioni nivue, karibu na groupe, ile jenereta yetu, nisikae tena, la sivyo kengele inayolia kichwani mwangu itanisindikiza hadi kaburini. Basi nimestaafu kabla sijaota hata mvi moja. Mlinifanyia karamu, mkaniita "pensionnée", mkanipa saa ya ukutani kama wanavyopewa wazee wa reli. Saa hiyo nimeitundika kwenye kibanda cha bata wangu kule Annexe, pembezoni mwa mji. Bata nao wana haki ya kujua saa.

Nawaandikia ninyi mnaobaki na mashine ya antena, ile inayorusha sauti yetu hewani. Shule niliiacha katikati ya sekondari, kwa hiyo msitafute hapa maneno makubwa. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini kwenye mashine ile logitheki inaruhusiwa kuchukua programu kwenye chanzo kimoja tu, na kwa nini vile vyanzo vingine tumeviacha kwenye orodha bila kuvifuta. Kila mara nilijibu, "Nitawaeleza siku nikipata muda." Sasa muda ninao, hata umenizidi.

Siku yangu ya kwanza nilivaa kitenge kipya cha mama, nikidhani redio ni mahali pa kuonekana. Tonton Numbi alinipokea na kitambaa cha kufutia vumbi. Ndiye aliyekuwa fundi wetu mkuu. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa reli, Wakatoliki wa kaskazini ya Katanga, na yeye alitunza ordinateur, yaani kompyuta, kama wao walivyotunza injini.

"Weka mukono hapa," aliniambia.

Nikaweka kiganja ubavuni mwa mashine.

"Unasikia nini?"

"Joto, Tonton."

"Muzuri. Kila asubui utaigusa vile. Siku iko baridi, redio inakufa. Siku iko moto sana, redio iko karibu kufa. Katikati pale, njo kazi yako."

Ndiyo masomo yote niliyopewa siku ile. Mengine yalikuwa vumbi.

Lazima mjue kwamba hatukuwa na meza ya sauti. Ilikuwepo zamani, ikaungua siku umeme uliporudi kwa hasira, na tangu hapo kila kitu kilipita ndani ya mashine moja: nyimbo, matangazo, hata mikrofoni. Mashine ikinyamaza, Kampemba yetu nzima hapa Lubumbashi inajua. Kwanza tulikuwa na mfumo mwingine, ule wa watu wote, lakini kila kwaya iliyoleta wimbo kwenye ufunguo wa flash ilituletea na virusi. Waimbaji wa Bwana, lakini ufunguo wao ulikuwa wa shetani. Tonton akachoka, akaweka Linux.

Ndani ya Linux mliikuta logitheki, lile duka la programu lenye picha. Unabonyeza picha, programu inakuja. Wengi wanaishia hapo. Lakini ukifungua sehemu ya mipangilio utakuta orodha ya vyanzo, yaani depo ambako logitheki inakwenda kuchukua mzigo. Mbele ya kila chanzo kuna kisanduku. Kikiwa na tiki, logitheki inakihudumia: inatazama huko, inaleta kutoka huko, na kikitoa kitu kipya inakileta. Tiki ikitoka, jina linabaki lakini logitheki inapita pale kama mtu asiyeona mlango.

Orodha yetu ilikuwa ndefu, na tiki zilijaa toka juu mpaka chini. Sababu yake haikuwa ya kiufundi. Kwetu mgeni haji mikono mitupu. Padri mmoja Mzungu alipita, akatuachia chanzo cha herufi nzuri za vitabu vya nyimbo. Fundi wa kutoka Zambia alikuja kunyoosha mlingoti, akaacha chanzo cha printa, ingawa printa yenyewe ilikwisha kufa. Mwanafunzi wa chuo akaacha cha michezo ya watoto. Kila mmoja aliketi, akaandika chanzo chake, akaweka tiki, tukamshukuru, akanywa soda.

Nilimuuliza Tonton kama tusipunguze.

"Kintu ya mugeni habatupe, mutoto. Akirudia atauliza."

Na kweli Padri alirudi. Kabla ya kuuliza habari za mtu yeyote aliomba aone orodha. Alipoona tiki yake bado ipo, alifurahi kama mtu aliyekuta picha yake imetundikwa ukutani kwa watu. Siku hiyo nilidhani Tonton ana akili kuliko mashine zote.

Kisha mashariki ya nchi ikaanguka mikononi mwa wenye bunduki. Mnakumbuka wenyewe. Miji tuliyoijua kwa majina ya shangazi na wateja ikaanza kutajwa kwenye habari moja baada ya nyingine, na watu wakateremka kuja kwetu: kwa boti za ziwa, kwa treni ya mizigo, juu ya magunia ndani ya malori. Hapa kwetu bei zilipanda kila juma, benki zilifunga madirisha, na watu walizungumza kwa sauti ndogo. Redio ilifanya kile inachokiweza. Kila siku mchana tuliweka saa ya komunike za wanaotafutana. Tuliwarekodi watu kwa sauti zao, kwa sababu mtoto anaweza kulisahau jina la mtaa, lakini sauti ya mama yake haisahau.

Ndipo alipokuja Mama Kahindo. Aliletwa na Papa Kasereka, mfanyabiashara wa jumla wa Kampemba, mtu wa Kivu Kaskazini, mwenye malori na depo ya sukari na mafuta. Mama Kahindo hakuwa ndugu yake. Alifika juu ya lori lake moja, na Papa Kasereka akampa chumba nyuma ya depo kwa kuwa walikuwa watu wa kwao na wa kanisa moja. Huyo mama alipotezana na binti yake, Masika, katika msukumano wa bandari ya Kalemie. Simu ziliibiwa. Hakujua kama Masika alivuka, alirudi au alibaki. Kwake kulibaki kitu kimoja tu, redio yetu, ambayo stesheni nyingine mbili za njiani zilikuwa zinaipokea na kuirusha tena.

Nilimpa mikrofoni. Alishika meza kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mtoto aje kula:

"Masika, ni miye mama yako. Niko mzima. Niko Lubumbashi. Kama unasikia, ukuje ku redio, hapa Kampemba, batakuleta kwangu. Usiogope. Njo ninakungoya."

Nililia, kisha nikafuta macho na kupima kiwango cha sauti. Kazi ni kazi.

Papa Kasereka ndiye aliyekuwa akitupa mafuta ya groupe, bila kuombwa. Siku hiyohiyo alikuja na mpwa wake Muhindo, injinia kijana aliyekuwa akipita hapa njiani kurudi Kampala. Muhindo aliitazama mashine yetu kwa huruma.

"Yaya, dada yangu, hii programu yenu ya sauti ni ya zamani sana. Nitawaachia chanzo chenye vitu vipya. Mtasikia tofauti."

Akaketi, akaandika, akaweka tiki. Akaruhusu logitheki ijisasishe yenyewe kila mtandao unapopatikana, ili tusisumbuke. Tukamshukuru. Akanywa soda. Alikuwa kijana mwema, na chanzo chake kilikuwa kizuri. Mpaka leo kipo kwenye mashine yangu ya nyumbani.

Kesho yake saa ya komunike ilifika. Kama kawaida tulifungua mtandao dakika hiyohiyo, kwa sababu stesheni ya Kalemie ilitutumia komunike zake saa hiyo, na mega zetu, data ya kununua, hazikuturuhusu kuuacha wazi siku nzima. Komunike ya Mama Kahindo ikaanza. "Masika, ni miye mama yako. Niko mzima..." Kisha kimya.

Wale wasiofanya redio hawajui kimya ni nini. Nilivua kaske, nikaivaa tena. Nikagusa mashine: joto la kawaida. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe mdogo wa adabu ukisema kwamba sasisho limekamilika. Logitheki ilikuwa imepata mtandao, ikaenda kwenye chanzo cha Muhindo, ikaleta sehemu mpya ya sauti, ikaiweka papo hapo wakati mama wa watu anazungumza. Programu yetu ya antena ilijua ile ya zamani tu. Ni kama mtu amebadilisha kufuli ya nyumba ukiwa umetoka kuchota maji.

Tonton alitoa disque yake ya akiba, ile yenye vipande vyote vya zamani alivyovihifadhi, tukarudisha kile cha mwanzo. Jioni tulisikika. Kesho yake, saa ya komunike, tukafungua mtandao, na kabla hata ya jina la kwanza kutajwa, kimya tena. Chanzo kilikuwa bado na tiki. Sisi tunarudisha cha zamani, logitheki inaleta kipya. Tulikuwa kama watu wawili wanaofagia ua mmoja, kila mmoja akisukumia mwenzake majani.

"Tonton, natoa tiki."

"Ya Muhindo?"

"Ya Muhindo. Na ile ya printa, na ya michezo, na ya Padri. Zote. Tunabakisha ya mfumo wenyewe, basi."

Tonton alikaa juu ya kopo la rangi.

"Mado, mafuta ya groupe inatoka kwa nani?"

"Kwa Papa Kasereka."

"Muntu anakupatia mafuta, weye unaondosha zawadi ya mutoto yake? Kesho mafuta inaisha. Tutasema nini, antena inakula heshima?"

"Tonton, ile mama alisema nusu. Masika akisikia, alisikia nusu. Anajua mama yake ni mzima, hajue wapi."

Alichukua kitambaa cha vumbi. Alipojibu alikuwa anatazama kitambaa.

"Basi enda weye kumwambia. Usiondoshe kitu ya mutu nyuma ya mugongo yake. Umuambie mbele ya macho."

Nilikwenda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno, na nilipofika yote yalikwisha kunitoka. Papa Kasereka alikuwa amesimama kwenye depo katikati ya magunia, anawaelekeza wapakuaji.

"Ah, Mado wa redio. Munatuua. Mama Kahindo hakula tangu jana. Anashika redio hivi," akaonyesha kwa kuweka mikono kifuani, "anasema batu ba redio banamukata ulimi."

"Njo ile imenileta, Papa."

Nikamweleza. Alikunja uso.

"Kwa hiyo kitu ya Muhindo iko mbaya."

"Hapana, Papa. Iko muzuri. Iko ya mashine ingine."

"Na mafuta yangu, nayo iko ya groupe ingine?"

Wapakuaji waliacha kupakua. Mimi nikikosa neno huwa natazama huku na huku, na nilipotazama huku na huku niliona depo ile ina milango mingi. Mzigo wote ulikuwa unaingia kwa mmoja, ule aliosimama yeye. Mingine ilikuwa na makufuli.

"Papa, ile milango ingine, juu ya nini inafungwa?"

"Kila mulango ikiwa wazi, nitajua nani ameingiza nini? Gunia moja ya sukari yenye maji inaharibisha kumi."

"Sasa mbona hamukujenga ukuta? Mulitia kufuli tu."

"Ukuta ni ya mutu hamutaonana tena. Kufuli ni ya mutu utamufungulia siku ingine." Alisema hivyo kwa haraka, kama jambo ambalo hata mtoto analijua. Kisha akanigeukia. "Iyo tiki yenu, ni kufuli ao ni ukuta?"

"Ni kufuli, Papa. Jina ya Muhindo inabakia pale pale."

Alimwachia mpakuaji mmoja funguo, akavaa koti lake. "Twende. Nitaifunga miye mwenyewe. Muhindo akiuliza, nitamwambia ni mujomba wake."

Ndivyo ilivyokuwa. Papa Kasereka aliketi kwenye kiti changu, kalio lake likajaza kiti chote, nikamwonyesha kisanduku, akabonyeza kwa kidole kimoja. Tiki ikatoka. Aliendelea kuangalia kioo.

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

"Na hizi zingine?"

Tukazipitia pamoja, moja moja. Kwa kila chanzo niliuliza swali ambalo nataka mliulize na ninyi: antena inakihitaji hiki ili izungumze leo? Herufi za Padri, hapana. Printa, hapana, Mungu ailaze pema. Michezo, hapana. Tonton alisimama nyuma yetu, na kila tiki ilipotoka alitaja jina la aliyeileta, taratibu, kama anayewaaga wageni mlangoni. Kilibaki chanzo cha mfumo wenyewe. Kisha tukaondoa ile ruhusa ya kujisasisha.

Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Kutoa tiki ni kufunga mlango. Aliyekwisha kuingia anabaki ndani. Ile sehemu mpya ya sauti ilikuwa bado imekaa. Tulirudi kwenye disque ya Tonton, tukaweka ya zamani, tukazima mashine, tukaiwasha. Kisha nikafungua mtandao makusudi, nikaacha mega ziungue, nikiangalia kioo kama paka anavyoangalia shimo. Logitheki ilitazama, haikuona kitu cha kuleta, ikalala.

Siku hiyo ndipo tulipoweka sheria mnayoifuata: kitu kipya kinakaa kwanza kwenye mashine ya ofisi, ambayo haigusi antena, kinazoea nyumba, watu wanakizoea. Kikionyesha tabia nzuri, kinakaribishwa kwenye antena kwa mkono wa mtu, wakati hakuna anayezungumza.

Komunike ya Mama Kahindo ikapita nzima. Ikapita na kesho yake, na siku zilizofuata. Aliyepanga vipindi aliniuliza kama tusiipumzishe, watu wameichoka. Nikamwambia wanaoichoka wazime redio zao, si mimi. Mnajua mimi si mtu wa kugombana. Nalia hata bata akichechemea. Lakini ile komunike niliishikilia kwa meno. Papa Kasereka alileta mafuta kama kawaida, akiingia anauliza, "Kufuli iko?" Najibu, "Iko, Papa."

Asubuhi moja nilikuwa nafuta vumbi, na msichana akasimama mlangoni. Miguu ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini, na mkononi alishika redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa ametembea toka Annexe, kwenye mashamba ya familia iliyomwokota ndani ya treni. Alikuwa amekaa mji mmoja na mama yake muda wote ule.

"Njo hapa redio?" aliuliza. "Ni miye Masika."

Tonton alitoka nje bila kofia kwenda kumwita Papa Kasereka. Sijawahi kumwona mzee yule akikimbia, ila siku ile. Mimi nilimkalisha msichana, nikampa maji, na kwa kuwa sijui kunyamaza nikamuuliza kama aliisikia komunike jana.

"Jana njo niliisikia yote. Lakini ile ya kwanza pia niliisikia."

"Ile iliyokatika?"

"Ee. Nilisikia jina yangu, alafu mama akasema iko mzima, alafu kimya. Bale ba nyumba bakasema redio imekufa, ni mambo ya Lubumbashi, ukuje tulime. Miye nikasema hapana, munamujua mama? Anakamata pumzi. Atamaliza kusema." Aliigeuza redio mkononi. "Kila siku nilikuwa naibeba mu shamba. Kisha mabuyé ikaisha, nikangoya mupaka bakanunua ingine."

Mabuyé ni betri. Alikuwa anaeleza jambo la betri, na mimi nilikuwa nimekwisha kugeukia ukuta.

Ya mama na binti sitayaandika. Yalikuwa yao, na tena Tonton alifunga mlango.

Masika alirudi kesho yake kutushukuru, na kesho kutwa akarudi kufuta vumbi, na ninyi mnajua mengine, kwa sababu ndiye anayeketi sasa kwenye kiti changu. Siku ya kumkabidhi niliweka kiganja chake ubavuni mwa mashine, nikamuuliza anasikia nini. Kisha nikamfungulia orodha. Aliisoma yote: Padri, Zambia, mwanafunzi, Muhindo. Akauliza kama kati yao kuna aliyewahi kuamshwa, yaani kurudishiwa tiki. Nikamwambia Padri aliamshwa mara moja, kwa ajili ya kitabu cha nyimbo cha Pasaka, kwenye mashine ya ofisi, akafanya kazi yake, akalala tena. Hivyo ndivyo wageni wanavyotunzwa.

Siku hizi mchana naketi karibu na mboga zangu za lengalenga na redio ndogo miguuni. Kwa masikio haya siipati yote. Jana komunike zilianza, nikamsikia Masika akisoma jina la mtu, kisha pakawa kimya kidogo. Jirani yangu aliyekuwa akimwagilia maji aliinua kichwa.

"Redio yenu imekufa, Mama."

"Hapana," nikamwambia. "Anakamata pumzi."

Na kweli, akaendelea.